Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa AFCON 2027: Mchezaji Akinyamaza Wimbo wa Taifa, Mwacheni

Kwa kamati za maandalizi za Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa viongozi wa mashirikisho yao ya soka, FKF, FUFA na TFF.

Waheshimiwa,

Tangu Septemba 27, 2023, siku CAF ilipozikabidhi nchi zetu tatu fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, mazungumzo yote yamekuwa ya viwanja: Talanta kule Nairobi, Hoima, Arusha, ukarabati wa huku na kule, hoteli, barabara, tiketi. Huko mna wahandisi na wahasibu, sina la kuwaongezea. Nawaandikia kuhusu dakika chache za kabla ya kipyenga cha kwanza, pale timu mbili zinapojipanga mbele ya jukwaa kuu na nyimbo za taifa kupigwa. Dakika hizo hazina bajeti kubwa, kwa hiyo ni rahisi kuachiwa mtu wa spika na kamanda wa polisi wa zamu. Naomba msiwaachie.

Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili hata mwenye haraka asilikose. Mchezaji au shabiki ambaye wimbo wa taifa lake utapigwa naye akanyamaza, akainamisha kichwa, akaziba mdomo au akabaki ameketi, asiadhibiwe, asitolewe uwanjani, asizomewe, wala kamera isimkwepe.

Nasema hivi kwa sababu tunawajua wageni wetu kabla hata hawajafuzu. Bara letu lina nchi ambazo watu wake wanapigana, na raia wa nchi hizo wengi wao tayari wako kwetu. Wako kwenye makambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na Dadaab. Wako mitaani Nairobi na Kampala, wanauza nguo, wanasuka nywele, wanasomesha watoto. Timu zao zikija, hao ndio watakaojaa majukwaani, tena watakuja na kila walichokimbia nacho. Mtu aliyechomewa nyumba na watu wenye bunduki, dola ikashindwa kumlinda, atausikia wimbo wa dola hiyo kwenye spika za viwanja vya Namboole au Mkapa. Mwingine atalia na kuimba. Mwingine hataweza kufungua mdomo. Huyo wa pili ndiye ninayemwombea.

Februari 7, 2024 tulionyeshwa mfano ambao hautakiwi kusahaulika. Ilikuwa nusu fainali ya AFCON, Kongo ya Kinshasa dhidi ya wenyeji Ivory Coast, uwanja wa Alassane Ouattara, Ebimpé, nje kidogo ya Abidjan. Wimbo wa Kongo ulipoanza, wachezaji wa Leopards waliweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya mdomo, na vidole viwili vya mkono wa kushoto wakavielekeza kwenye panja, kama mtu anayeelekezewa bastola. Kocha wao Mfaransa, Sébastien Desabre, alifanya vivyo hivyo. Wakati ule waasi wa M23 walikuwa wanapigana karibu na Sake, mji ulio kilomita 25 hivi kutoka Goma, na watu walikuwa wanamiminika Goma na magodoro vichwani. Bao la Sébastien Haller likawatoa Kongo mashindanoni. Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka, na Februari ikafuata Bukavu.

Mechi ile niliitazama Ujiji, kwenye kibanda umiza cha kiingilio cha shilingi mia tano, saa tano usiku kwa saa zetu, na karibu nusu ya waliokuwemo walikuwa watu wa ng'ambo ya ziwa. Mnajua kibanda umiza kilivyo, hata mpira ukiwa mapumziko watu wanabishana. Kelele zote zilikatika. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu kwenye benchi la mbao alivua kofia, akaiweka magotini, naye akaweka kiganja mdomoni. Vijana wa nyuma wakamfuata bila kuambiwa na mtu. Wimbo ulipokwisha aligeuka akanieleza, kwa Kiswahili chao cha Kivu, kwamba tangu ahame kwao hajawahi kuiona timu ya taifa ikisema jambo lake yeye.

Anayeichukia nchi yake hatoi mia tano saa tano usiku kwenda kuitazama ikicheza. Mzee yule na vijana wale walikuwa Wakongo kuliko walivyowahi kuwa siku yoyote niliyowaona, na hawakuimba neno hata moja. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu mtakaowaweka getini na kwenye vyumba vya matangazo watafundishwa kinyume chake: kwamba asiyeimba ni msaliti, au ni mkorofi, au ana ajenda.

Najua jibu litakalokuja mezani kwanza: michezo na siasa visichanganywe. Ni kauli ninayoiheshimu pale inapozuia chama kugeuza uwanja kuwa mkutano wa kampeni. Hapa haifanyi kazi. Wimbo wa taifa ni mali ya dola, na dola ndiyo iliyouleta uwanjani. Wimbo ule wa Kongo uliimbwa tangu uhuru wa 1960. Mobutu akauweka kando mwaka 1971 alipoiita nchi Zaire. Ukarudi 1997 alipong'olewa. Mzee wa Bukavu mwenye miaka sabini amesimama kwa heshima mbele ya nyimbo mbili tofauti, kutegemea nani alikuwa anakaa Kinshasa. Jirani zao wa Rwanda walibadilisha wao Januari 2002, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umefungamana mno na utawala na fikra zilizowafikisha kwenye mauaji ya kimbari ya 1994. Sasa, dola ikishauleta wimbo wake mbele ya watu elfu sitini, haiwezi kumlaumu mwananchi kwa kuujibu. Na akiujibu kwa ukimya, hajamzuia yeyote kuimba.

Hata sheria za mpira zipo upande wake, mkizisoma taratibu. Sheria ya 4 inakataza maandishi na picha za kisiasa kwenye jezi na vifaa. Kiganja juu ya mdomo si maandishi wala si kifaa.

Agosti 2025 tuliwapokea Wasudani Zanzibar kwenye CHAN. Vita vyao, vilivyoanza Aprili 15, 2023, vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Vilabu vyao vikubwa viwili, Al Hilal na Al Merrikh, vilikuwa vimelazimika kwenda kucheza ligi ya Mauritania. Pale Amaan waliifunga Nigeria 4-0, wakaitoa Algeria kwa penalti, wakafika nusu fainali, na Waunguja wakawapenda. Wengi hawakujua kwamba wimbo wa taifa wa Sudan ulianza kama wimbo wa jeshi, na jeshi hilo leo ni upande mmoja wa vita. Kwa aliyefukuzwa nyumbani kwake Khartoum na wanamgambo wa RSF, wanaopigana na jeshi hilo, wimbo ule huenda ndiyo faraja pekee aliyobaki nayo. Kwa aliyeangukiwa na mabomu ya ndege za jeshi kule Darfur, ni wimbo wa waliombomolea. Hao wawili wanaweza kukaa viti jirani, wamevaa jezi moja, wanaishangilia timu moja. Mtu wa usalama atakayemshika bega wa pili na kumwambia asimame, amechukua upande katika vita ambavyo hata hajui vilianzaje.

Sasa niwapeleke Afrika Kusini, kwa sababu kule ndiko bara letu lilikojifunza jambo hili kwa gharama kubwa, na kwa sababu wimbo wenyewe ni ndugu yetu wa damu. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897. Tuni yake ndiyo tunayoimbia Mungu ibariki Afrika, na ndiyo ya wimbo wa Zambia, ingawa maneno yao ni mengine. Taifa Stars ilipokutana na Zambia San Pedro, Januari 21, 2024, uwanja ulisikia tuni ileile mara mbili mfululizo.

Agosti 15, 1992 Afrika Kusini ilirudi kwenye raga ya kimataifa baada ya miaka ya kutengwa, ikacheza na New Zealand uwanja wa Ellis Park. Chama cha ANC kilikuwa kimekubali mechi ichezwe kwa masharti: bendera ya zamani isipandishwe, Die Stem, wimbo wa taifa wa utawala wa makaburu, usipigwe, na badala yake watu wakae kimya kuwakumbuka waliouawa katika ghasia za siasa. Miezi miwili nyuma watu zaidi ya arobaini walikuwa wameuawa Boipatong kwa usiku mmoja. Muda wa ukimya ulipofika, maelfu ya Weupe majukwaani wakapeperusha bendera zao na kuimba Die Stem. Kisha mkuu wa raga wa Transvaal, Louis Luyt, akaamuru upigwe kwenye spika. New Zealand walishinda 27-24, lakini nani alikumbuka matokeo? Kwa Mweusi aliyekuwa anasikiliza redio Soweto, wimbo ulikuwa umetumika kumkanyaga maiti wake kaburini.

Kuna funzo la pili ambalo watu hulipita haraka. Muda mfupi kabla ya uchaguzi wa 1994, halmashauri ya ANC ilikaa kuamua nchi mpya iimbe nini. Die Stem ilikuwa inaelekea kutupwa, na hasira ya wajumbe ilikuwa ya haki kabisa. Mandela alitoka kidogo kupokea simu. Aliporudi akakuta shauri limekwisha. Akalipinga. Aliwaambia wenzake kwamba wimbo ule unabeba moyo wa watu ambao nao watabaki kuwa raia, na wajumbe wakabadili uamuzi. Nchi ikaanza na nyimbo mbili. Huyu ni mtu aliyekaa gerezani miaka 27 chini ya wimbo huo.

Na Kombe la Dunia la Raga lilipokuja 1995, hakuna sheria iliyowalazimisha Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, kuimba wimbo wa Sontonga. Meneja wao, Morné du Plessis, alileta mwalimu, na wale vijana, wengi wao makaburu waliolelewa kuuona wimbo ule kama wimbo wa magaidi, wakakaa wakajifunza Kixhosa, Kizulu na Kisotho silabi kwa silabi. Juni 24, palepale Ellis Park, kabla ya fainali na New Zealand, nahodha François Pienaar hakuimba. Alisema baadaye kwamba moyo ulimjaa, akabaki anauma mdomo asije akaangua kilio. Kamera ilimwonyesha Pienaar aliyenyamaza, na hakuna aliyemwita msaliti. Wakashinda 15-12.

Mwaka 1997 nyimbo mbili ziliunganishwa kuwa mmoja wenye lugha tano. Haukumaliza ubishi. Chama cha EFF hadi leo kinataka kipande cha Die Stem kiondolewe, na wafuasi wake hawakiimbi. Nchi haijabomoka kwa hilo, na Siya Kolisi amenyanyua Kombe la Dunia mara mbili, 2019 na 2023, huku wengine wakiimba beti zote na wengine wakiruka kipande cha Die Stem. Kwangu hii ndiyo hali ya kawaida ya watu waliotoka mbali na chuki. Wanavumiliana kwenye wimbo mmoja bila kuuimba kwa sauti moja.

Wapo waliochagua njia ya adhabu. Mwaka 2015 mashabiki wa Hong Kong waliuzomea wimbo wa taifa wa China kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia, na FIFA ikakitoza faini chama chao cha soka. Juni 2020 ikaja sheria: atakayeutusi wimbo, kifungo hadi miaka mitatu. Kuzomea kukapungua. Juni 2024, kwenye mechi na Iran, watu watatu walikamatwa kwa madai kwamba wimbo ulipopigwa walibaki wameketi au waligeuza mgongo. Angalieni ngazi ilivyoshuka, kutoka kelele hadi mgongo. Serikali yenye nguvu zote hizo imefikishwa mahali pa kuhesabu nani kakaa na nani kasimama, na upendo wa nchi haujaongezeka hata chembe.

Iran wenyewe walikuwa na yao. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar, Novemba 21, 2022, wachezaji wao walinyamaza wimbo ulipopigwa kabla ya mechi na England, wakati waandamanaji wanauawa mitaani nyumbani. Siku nne baadaye, dhidi ya Wales, waliimba. Ziangalieni nyuso zao katika picha za mechi ile ya pili, kisha mniambie nani alifaidika.

Raga ya Ireland ilipata njia nyingine. Kisiwa kimegawanyika tangu 1921, timu ni moja, na mchezaji wa kaskazini mwenye kuitii Uingereza hawezi kuimba wimbo wa Jamhuri. Kwa Kombe la Dunia la 1995 walimwagiza Phil Coulter atunge wimbo wa timu. Ugenini huimbwa huo peke yake. Dublin hupigwa yote miwili. Wapo wanaoudharau kwamba ni mwepesi, hauna historia. Huenda, lakini unawatosha wachezaji kumi na watano kusimama mstari mmoja.

Na sisi wenyeji tusijifanye wasuluhishi wasio na nyufa. Juni 2024 vijana wa Kenya waliimba wimbo wa taifa barabarani Nairobi wakiwa wamekabiliana na polisi, bendera mabegani, na baadhi yao waliuawa. Wimbo uleule utapigwa Nairobi mbele ya viongozi, na wenzao wale watakuwa wamenunua tiketi. Sisi Tanzania tuna majeraha ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Kuna familia ambazo bado zinalia. Zanzibar ina wimbo wake na kumbukumbu zake. Uganda, kwenye Masaza Cup, kombe la ufalme wa Buganda, huimba wa taifa na wa Buganda, na mpira unaendelea. Mkiweka mwongozo wa kumshurutisha mgeni kuimba, utawaangukia wenyeji kwanza.

Ndiyo maana naomba mambo yawe wazi kwenye karatasi kabla ya mashindano. Polisi na walinzi wa majukwaani waelezwe kwamba kuketi au kunyamaza si kosa, na wasimguse mtu kwa sababu hiyo. Makamisaa wa mechi waombwe kwa maandishi wasiandike ripoti dhidi ya timu iliyofanya ishara ya amani bila kuchelewesha mchezo. Kuhusu kamera nasisitiza: kwenye mashindano yale ya 2024 mashabiki wa Kongo walilalamika kwamba matangazo yaliyakwepa mabango yao. Mwongozaji wa picha aambiwe apitishe kamera kwa kila mchezaji kama kawaida, aanzie kulia amalizie kushoto, awe anaimba au kaziba mdomo.

Kuzomea ni jambo lingine, na hapo siwatetei mashabiki. Anayenyamaza anautumia mdomo wake. Anayezomea anaunyang'anya wa mwenzake. Na tusidanganyane, kuzomea tunakujua. Nchi ambayo shabiki wa Yanga huvaa jezi ya timu ya Tunisia au Misri ili tu Simba afungwe haitashindwa kumzomea mgeni. Ikitokea Kongo na Rwanda wakakutana Dar es Salaam, majukwaa yatakuwa na waliopoteza ndugu, na tuni za dakika mbili zinaweza kuwasha moto. Mpeni kazi mtangazaji wa uwanja anayeheshimika, mwenye Kiswahili cha kueleweka Bukavu na Kigali, aseme kabla ya wimbo wa kwanza: kila mmoja asikilizwe, anayetaka aimbe, asiyetaka akae kimya. Aseme hivyo kwenye kila mechi, hata ya Botswana na Cape Verde, ili isionekane kuna wanaonyooshewa kidole.

Pigeni nyimbo zilizo sahihi na zipigwe zote. Zipelekeni kwa mashirikisho husika wazisikilize na kuzithibitisha. Mwenye nchi iliyovunjika akisikia wimbo wake umekatwa katikati, au umepigwa wa utawala uliopita, hataamini kwamba ni bahati mbaya.

La mwisho ni la wakimbizi. Mkimbizi wa Nyarugusu hatoki kambini bila kibali. Timu yake ikicheza Dar es Salaam, ongeeni na Wizara ya Mambo ya Ndani apatikane utaratibu wa vibali vya siku za mechi, au skrini kubwa ziwekwe kambini kwa idhini ya serikali. Wapo vijana pale waliozaliwa Tanzania na hawajawahi kuiona Kongo isipokuwa katika wachezaji kumi na mmoja.

Ivory Coast, waliokuwa wenyeji wa Ebimpé, walijua thamani ya mchezaji anayesema. Oktoba 8, 2005, baada ya kufuzu Kombe la Dunia kule Omdurman, Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera wakawaomba wananchi wao waliokuwa vitani waweke silaha chini. Juni 3, 2007 timu ile ilicheza na Madagascar Bouaké, ngome ya waasi, wakashinda 5-0, kaskazini na kusini wakiwa jukwaa moja. Mpira peke yake haukumaliza vita vile, na baadaye damu ilimwagika tena. Hata hivyo hakuna aliyewaambia wale vijana wanyamaze kwa kuwa wao ni wachezaji tu.

Mwongozo wa mechi za 2027 ni kazi yenu. Andikeni humo aya moja inayosema kwamba kunyamaza wakati wa wimbo wa taifa ni haki ya mchezaji na ya shabiki, muisaini nchi zote tatu, na muitangaze kwa Kiswahili kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.

Wenu,
Mpenzi wa soka, Ujiji, Kigoma